Miguu ya Mama na Mjusi wa Baharini

Juma lililopita mwenye nyumba wetu aliamua, baada ya ahadi za miaka mingi, kupaka rangi ngazi za jengo tunamoishi. Nilifungua mlango asubuhi nikienda kutafuta maziwa, harufu ya tapentaini ikanipiga usoni, nikajikuta nimeshikilia fremu ya mlango kama mgonjwa. Kijana aliyekuwa akipaka rangi akaniuliza, "Shosho, uko sawa?" Nikamwambia niko sawa kabisa, na shosho ni nyanya yake aliyemwacha kwao, si mimi. Kisha nikarudi ndani bila maziwa, nikakaa. Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya baba yangu.

Baba alikuwa mchoraji wa mabango. Kama uliwahi kununua nyama Dagoretti miaka ile ya mwanzo wa uhuru, basi huenda uliwahi kutazamwa na ng'ombe wake. Aliwachora kwenye kuta za bucha, wanono, wenye kope ndefu na macho ya upole, wakitabasamu kana kwamba hawajui wamesimama mlangoni pa nani. Wenye bucha walimpenda kwa sababu ng'ombe wake walikuwa na afya kuliko wale waliokuwa wakining'inia ndani. "Mteja anaangalia mkia kwanza," baba alikuwa akisema. "Mkia ikiwa na kona, hiyo ng'ombe ilianguka mahali, na nyama yake ina damu." Hakuwahi kumiliki hata ndama, lakini alilisema hilo kwa uhakika wa daktari wa mifugo.

Tuliishi Kawangware, chumba kimoja cha mabati chenye pazia katikati. Wazazi upande wa kitanda, mimi upande wa jiko la makaa na makopo ya rangi. Kwetu hasa ni Bunyala, kule mto Nzoia unakoingia ziwani, ambako mvua ikizidi maji huingia mpaka jikoni na watu huhamia juu ya tuta wakingoja yapungue. Mimi sikuwa nimefika huko tangu nikiwa mgongoni. Nilikujua kwa maneno ya mama tu, na mama alikuwa na mdomo wa kuchekesha: alisema kwetu hata kuku wanajua kuogelea. Mtoto wa Nairobi mimi, niliamini. Nilijua kwamba kwetu ni majini, na kwamba anayekwenda nyumbani anakwenda majini.

Mwaka huo mama alikuwa mjamzito. Kati yangu na mimba ile kulikuwa na nyingine zilizoharibika, na kukhu, yaani nyanya yangu mzaa baba, alikuwa ametuma neno kwa kila mtu aliyepanda treni kuja Nairobi: huo mji wenu hautaki wajukuu wangu, mleteni huyo msichana azalie hapa. Jumapili moja baada ya kanisa nikawasikia wakizungumza nyuma ya pazia.

"Utaenda uzalie kwa mama," baba alisema. "Halafu utakaa huko kidogo. Shamba imekuwa msitu."

"Kidogo ni kiasi gani, Baba Nafula?"

"Kidogo tu."

"Mama Auma pia aliambiwa kidogo."

Nafula ni mimi. Mama Auma alikuwa jirani wa mlango wa pili, aliyekwenda kwao kuzaa, akakabidhiwa jembe, na hatukumwona tena. Mumewe alibaki akijipikia na kuwatembelea Krismasi. Ndivyo watu wetu wengi walivyoishi: mume mjini, mke nyumbani, reli katikati. Hakuna aliyeona ajabu. Lakini sisi watoto wa ploti ile, vyumba vya kupanga vya ua mmoja, tulijua kwamba mama yako akianza kupanga nguo kwenye sanduku la bati, basi huyo umeshampa buriani. Niliukumbatia mto wangu nikatamani baba apotewe na sauti, asiweze kulirudia neno lile.

Wakati huohuo baba akapata kazi asiyowahi kuiota. Mwalimu mmoja wa sayansi, Mgoa, yaani Mhindi wa asili ya Goa, aliyeitwa Bi. Fernandes, gari lake lilipata pancha Dagoretti, na wakati anangoja gurudumu libadilishwe akabaki akitazamana na ng'ombe wa baba ukutani. Akamtafuta mwenye mkono ule. Alikuwa akifundisha shule ya wasichana upande wa Westlands, na alitaka mbao nne kubwa za kutundika darasani, zenye wanyama wa baharini wa kale ambao hata mifupa yao ilikuwa imegeuka mawe. Shule zilikuwa zimefungwa, mama alihitaji kupumzika, kwa hiyo baba akanipakia nyuma ya baiskeli. Tulipita kando ya ua wa majumba ya Lavington, tukateremka hadi maduka ya Wahindi ya Westlands yaliyonukia bizari na vitambaa vipya, tukafika kwenye darasa lenye meza ndefu na mifereji midogo ya maji ambayo nilikatazwa kuigusa na nikaigusa.

Bi. Fernandes alikuwa mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, na Kiswahili chake kilikuwa cha kwake peke yake. Alibandika picha za mfano ukutani. Baba akazitazama kwa muda, mikono nyuma.

"Memsab, hii inaliwa?"

"Hapana! Ilikwisha zamani sana. Zamani kuliko watu, kuliko ng'ombe."

"Na ni samaki?"

"Hapana samaki. Hii ni jamaa ya mjusi. Babu yake alikaa nchi kavu, na miguu nne. Halafu wakarudi kwa maji."

Mnyama yule alikuwa na jina refu la wasomi ambalo baba alikataa kulibeba. Alimwita Mjusi, na mwalimu, baada ya kumsahihisha mpaka akachoka, naye akaanza kumwita Mjusi. Ubao wa kwanza ulikuwa na mnyama kama kenge, amesimama ufukweni kwa miguu yake minne. Wa pili yumo kwenye maji ya kina kifupi, mwili umerefuka, miguu imekuwa mifupi na vidole vimeshikana. Wa tatu miguu imekuwa makasia. Wa nne ni mnyama wa bahari kuu, mnene katikati, amechongoka mbele, ana pezi mgongoni na jicho kubwa kama sahani ya chai, na ukimwona hujui kama ukoo wake uliwahi kukanyaga mchanga.

Sasa, baba alikuwa mtu wa kutumia rangi kwa akili. Alikoroga kopo moja la kijani, akawapaka wote wanne kijani hichohicho. Na mimi niliyekaa sakafuni nikiwatazama wakikamilika mmoja baada ya mwingine, nilimwona mnyama mmoja tu. Yuleyule, siku ya kwanza na miguu, siku nyingine bila. Nilidhani ndivyo inavyokuwa: unaingia majini, unakaa kidogo, na miguu inakuacha.

Siku za kwanza zilikuwa za kicheko. Mkono wa baba ulikuwa umezoea bucha, na mnyama wa mwisho akatoka na kope ndefu na tabasamu. Bi. Fernandes alicheka mpaka miwani ikamdondoka. "Hii mjusi yako nakwenda harusi?" Baba akamfuta kope kwa masikitiko. Kisha ukaja mkia. Mwalimu alitaka mifupa ionekane kwa rangi nyeupe ndani ya ile kijani, na katika picha ya mfano uti wa mgongo ulipofika mkiani ulikunja kona ukaelekea chini. Baba hakukubali. Mnyama wa watu hawezi kuchorwa amevunjika, tena mbele ya wanafunzi. Akaunyoosha.

Kesho yake mwalimu akasimama mbele ya ubao, akatikisa kichwa, lakini kwa namna ya kupendezwa. Akatueleza kwamba hata wataalamu wakubwa wa Ulaya, walipoanza kuyachimba mawe yale, walidhani mkia umevunjika, nao wakauchora umenyooka. Baadaye yakapatikana mawe mengine yaliyohifadhi hata umbo la ngozi, ndipo ikaonekana kwamba kona ile ni ya kuzaliwa: mfupa unashuka chini kuushika upande wa chini wa pezi la mkia. Usione vyaelea, vimeundwa. Baba aliurudisha mkia bila kinyongo, na jioni akawatangazia majirani wote pale bombani, "Leo nimekosea pamoja na maprofesa!"

Nyumbani, hata hivyo, mimi nilikuwa nimeanza kuona mambo. Miguu ya mama ilikuwa inabadilika. Kwanza viatu vyake vya kanisani vilikataa kuingia, kisha vile vya kawaida, mwishowe akawa anavaa akala za baba, ndala zile za mpira wa gurudumu, nazo zikimbana. Vifundo vilipotea kabisa. Ukimbonyeza kwa kidole palibaki shimo. Na mara tu jua lilipopungua alikuwa akijaza karai maji, akatia chumvi, akatumbukiza miguu yote miwili, akafumba macho na kusema, "Aa, hapa ndipo napata raha. Mniache hapahapa majini." Baba alicheka. Mimi nilitoka nje nikasimama nyuma ya choo.

Sikumwambia mtu. Ungemwambia nani? Nilijua ubao wa pili ulivyo, na nilijua unaofuata. Asubuhi nilipoamka nilivuta blanketi la mama polepole nikakagua vidole kama vimeanza kushikana.

Siku baba alipokuwa akimalizia ubao wa nne, Bi. Fernandes alileta picha nyingine, ili baba aone jinsi mbavu zinavyokaa. Ilikuwa picha ya jiwe lenye mifupa ya mnyama yuleyule, na ndani ya mbavu zake kulikuwa na mifupa mingine midogo. "Angalia," akasema kwa furaha ya mwalimu. "Hii hapana weza panda nchi kavu kutaga mayai kama kasa. Nazaa mtoto mzima ndani ya maji. Hii mama ilikufa na watoto bado iko tumboni."

Nilikwenda nikakaa juu ya kopo la rangi ya kijani.

"Nafula, toka hapo, nataka rangi," baba akasema.

"Sitoki."

"Una nini wewe mtoto?"

"Umwekee miguu."

"Nani?"

"Huyo wa mwisho. Umwekee miguu, hata kama ni midogo." Na hapo nikayamwaga yote. "Mama ameanza! Miguu yake haiingii kwa viatu. Alisema raha yake ni majini. Na wewe unampeleka huko, na atakufa na mtoto akiwa tumboni, na hatarudi!"

Baba aliangua kicheko. Namsamehe, kwa sababu kwa kweli ilichekesha, na kwa sababu kicheko kile kilikatika katikati. Bi. Fernandes hakucheka. Alichuchumaa mbele yangu, magoti yakalia, akaniambia nimtazame.

"Sikiza, mtoto. Hii hapana mjusi moja. Hii ya pili ni mjukuu ya mjukuu ya mjukuu ya hii ya kwanza, na hata ukihesabu mpaka wewe mzee bado hujafika. Hakuna mama moja alilala na miguu akaamka na mapezi. Kila moja nazaliwa vile iko, nakufa vile iko. Mtoto tu ndiyo nakuwa tofauti na mama yake. Kidogo. Kidogo sana, hapana weza ona."

"Na miguu ya mama?"

"Ni sababu ya mimba. Yangu ilivimba kila mtoto. Tazama, iko." Akainua sketi kidogo, akanionyesha vifundo viwili vyembamba ndani ya soksi. Kisha akamgeukia baba, bila utani tena. "Lakini wewe mpeleke kwa daktari kwanza apime yeye, kabla ya safari. Leo, si kesho."

Nilivuta kamasi. Hofu moja ilikuwa imeondoka, na nilihisi wepesi wake mwilini mzima. Lakini nyingine ilikuwa imebaki, nami nikaona heri niulize maadamu nimeshapata mtu anayejibu.

"Hao waliorudi majini, walitoka tena? Walirudi kukaa nchi kavu?"

Bi. Fernandes alifikiri. Alikuwa mwalimu mwaminifu, hakuwa na desturi ya kuwapoza watoto kwa uongo. "Hapana," akasema. "Hata moja."

Baba alikuwa akifuta brashi ambayo ilikuwa safi.

Jioni ile alimsimulia mama kisa chote, na alijua kusimulia: alichuchumaa kama mwalimu, akakaa juu ya kopo kama mimi. Mama alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha akauliza, bado akipangusa machozi, "Na ulimjibu nini?"

"Kuhusu nini? Mwalimu alimwambia ni mimba."

"Kuhusu kurudi."

Baba akasema, "Tutaona."

Mama alipelekwa kupimwa, akapewa dawa, akaambiwa apumzike na apunguze chumvi, na uvimbe ulipotulia akapanda treni ya Kisumu pamoja na shangazi aliyekuja kumchukua. Mimi nilibaki kwa sababu ya shule. Pale stesheni alinishika kidevu akaniambia nisimwache baba ale ugali mbichi. Hakusema atarudi lini. Nilimtazama baba, na baba alikuwa akitazama magurudumu.

Habari zikaja kwamba amejifungua salama mtoto wa kiume. Ploti nzima ilifurahi, tukanywa chai ya maziwa. Baada ya hapo habari zikawa za shamba: wamepalilia, mvua imenyesha, kukhu anaumwa mgongo, ni vizuri kuna mtu wa kumsaidia. Kila mara nilipomuuliza baba alisema kidogo tu, mtoto apate nguvu, mahindi yakomae. Hakuwa mtu mbaya, baba yangu. Alikuwa akimkosa mama kiasi kwamba hata ng'ombe wake walianza kununa, na mwenye bucha mmoja akamlalamikia waziwazi. Alikuwa tu akifanya kama baba yake alivyofanya, na wanaume wote waliomzunguka.

Nimelifikiria sana somo la Bi. Fernandes tangu wakati huo. Hakuna siku ambayo mjusi yeyote aliamua kuiacha nchi kavu. Alifuata chakula hatua moja ndani ya maji, na mwanawe hatua nyingine, na kila mmoja wao, ungemuuliza, angekwambia yuko palepale alipozaliwa. Ndivyo hata Mama Auma alivyopotea. Hakufukuzwa. Ilikuwa ni mahindi haya tu, kisha maharagwe yale, kisha mtoto aanze shule huko kwanza. Lakini wakati ule sikuwa na maneno hayo. Nilikuwa tu nikiupita mlango wa pili mbio, bila kuutazama.

Siku moja nilitoka shuleni nikakuta mlango wetu uko wazi. Mama alikuwa amekaa juu ya kigoda akichagua maharagwe kwenye ungo, amekonda, amekuwa mweusi kwa jua, na mgongoni kulikuwa na kichwa kidogo kilicholala upande. Sanduku la bati lilikuwa mlangoni. Sikuweza kumkimbilia. Nilisimama nikilia hapohapo kizingitini, na yeye akasema, "Njoo basi, ama unangoja nikuandikie barua?"

Baba alifika na baiskeli yake jua likielekea kuzama. Akaiegemeza ukutani, ikaanguka, akaiacha.

"Mama alikuruhusu?"

"Mama yako nimemwacha salama. Binti ya dada yako ako naye, anamsaidia."

"Sikutuma nauli."

"Niliuza kuku wangu."

"Na shamba?"

"Shamba iko, Baba Nafula. Haiendi mahali. Watoto ndio wanakua."

Nilimtazama baba nikingoja. Alikuwa na haki zote za wakati ule: angeweza kupaza sauti, angeweza kumrudisha kwa treni ya kesho, na hakuna mwanamume wa ploti ile ambaye angemlaumu. Alisimama akimtazama yule mtoto mgongoni. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo sana, "Anaitwaje?"

"Kukhu ana jina alilomchagulia. Mimi nilisema tungoje baba yake."

Basi baba akanawa mikono. Alinawa kwa sabuni ya kufulia mpaka viwiko, akainusa, akanawa tena, na mama akamfungulia mtoto akampa. Hakusema karibu. Hakusema umefanya vizuri. Alisema tu kwamba nyumba haina nyama, na akatoka kwenda kununua, akiwa bado amembeba mtoto, akimwonyesha kila mtu aliyekutana naye njiani kama aliyemwokota.

Tukabaki wawili. Nikajisogeza karibu na mama mpaka goti langu likagusa lake, nikaanza kumsaidia kutoa mawe kwenye maharagwe.

"Na wewe," akasema, "ulifikiri sitarudi?"

"Nilijua utarudi," nikasema. Uongo huo ulitoka wenyewe, na nilitaka sana uwe kweli.

Mama aliupeta ungo, akapuliza makapi.

"Basi ulinishinda," akasema. "Mimi mwenyewe sikujua, mpaka treni ya kuja huku ilipoanza kutembea."